Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: tuletee mwalimu wa Hisabati

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Salaam.

YAH: MWALIMU WA HISABATI KATIKA SHULE YETU YA KATA

Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha masijala hazijajibiwa. Kwenye kikao cha wadau wa elimu kilichopita, shule yetu ilisomwa ya mwisho, na meza kuu ikasema wazazi wa huku uwandani hatuthamini elimu. Hakuna aliyetaja kwamba mwalimu pekee wa Hisabati alihamishwa katikati ya muhula kwa barua iliyotoka ofisini kwako, na nafasi yake iko wazi mpaka leo.

Mheshimiwa, piga hesabu pamoja nasi. Shule ina mikondo 3 kwa kila kidato, yaani madarasa 12. Hisabati ikipewa vipindi 6 kwa wiki, hivyo ni vipindi 72. Ratiba yenye vipindi 8 kwa siku ina nafasi 40 tu kwa wiki nzima. Kwa hiyo hata huyo mmoja hakutosha: alibeba Kidato cha Tatu na cha Nne, akabaki na nafasi 4 za kupumua na kusahihisha madaftari, na wadogo wakawa wanapewa mazoezi na mwalimu wa Jiografia. Leo madarasa yote 12 hayana mwalimu.

Na somo hili halirukwi. Mtoto aliyekosa hesabu za sehemu na aljebra Kidato cha Kwanza hataelewa logi (logariti) Kidato cha Pili, na asiyejua uwiano hatoboi hesabu za Kemia wala za Fizikia. Mwalimu mmoja akikosekana, F zinajipanga kwenye masomo matatu, halafu walimu wa sayansi wanaitwa kujieleza.

Umetuambia pia kwamba ufaulu wa wilaya umepanda. Tunaomba utazame ndani ya huo ufaulu. Mtahiniwa mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, na pointi 33 bado ni Daraja la Nne, kwa hiyo anaingia kwenye asilimia ya waliofaulu. Lakini Kidato cha Tano kinataka angalau C tatu. Ukitaka kujua hali ya shule yetu, hesabu wenye C tatu. Kisha chukua rejista ya Kidato cha Kwanza ya watoto haohao na uhesabu majina ambayo hayakufika chumba cha mtihani. Matokeo yanapanga shule kwa waliokaa kwenye dawati siku ya mtihani. Aliyeondoka Kidato cha Pili hayumo popote.

Mnapotulinganisha na Ilboru au Kibaha mnalinganisha watoto ambao hawakuchaguliwa kwa namna moja. Wenye alama za juu darasa la saba huchukuliwa na shule za vipaji na za bweni, wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto wao shule za binafsi, na waliobaki ndio wetu. Wengi wao wanalelewa na bibi kwa sababu wazazi wako Dar es Salaam au kwenye mashamba ya mbali. Wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na Januari wanakuta vitabu vingi vimeandikwa Kiingereza. Wanaotoka vijiji vya mbali wanapanga mageto, wasichana wakiwemo, bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kidato cha Kwanza wasichana wanawazidi wavulana. Kufika Kidato cha Tatu mimba na ndoa zimeshawapunguza. Waraka wa mwaka 2021 unawaruhusu kurudi baada ya kujifungua, lakini anayerudi na mtoto mchanga akakuta darasa halina mwalimu, tunadhani ndiyo sababu hakai.

Wavulana nao wanaondoka kwa majira. Kuanzia Juni ni kupuliza salfa kwenye mikorosho, kazi yenye ujira wa siku hiyohiyo. Oktoba korosho zinaanza kudondoka. Korosho haisubiri: inaokotwa, inatenganishwa na bibo (tunda lake), inaanikwa, ndipo ipelekwe ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima; ikilala chini mvua ikainyeshea, inashuka daraja na bei inashuka nayo. Na Novemba ndiyo mtihani wa Kidato cha Nne. Tumewahi kuomba michango ya chakula cha mchana ikusanywe baada ya minada, pesa ikiwa mkononi, badala ya Februari wakati nyumba nyingi zinahemea. Tuliambiwa litafanyiwa kazi.

Maabara ni habari nyingine ndefu. Mtihani wa vitendo wa Kemia una alama 50, na mtahiniwa anatakiwa asome bureti, bomba la kioo la kupimia kimiminika, mara moja kwa kukadiria kisha mara tatu kwa usahihi. Bureti zilizopo ni chache, nyingine koki zake zinavuja, na tone moja linaloponyoka linaharibu usomaji wote. Mazoezini mmoja anashika, wenzake wanaandika alichokisoma. Fedha ya ruzuku ya uendeshaji, Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo nusu yake ni ya vitabu, haiwezi kununua chaki, kulipia umeme na kujaza maabara. Hilo tunalielewa, na leo hatuombi bureti.

Mwaka jana, mbele ya wazazi, uliahidi walimu wawili wa Hisabati kabla ya muhula wa pili. Hatukuletewa hata mmoja, na tuliyekuwa naye akaondolewa. Tunahisi waliopangiwa huku waliomba kubadilishiwa kituo kwa sababu ya shida ya maji ya uwanda huu wa Makonde. Kama sababu ni hiyo, nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili, milango imetengenezwa na tangi la maji ya mvua limezibwa nyufa.

Tunaomba walimu wawili. Ikama, yaani idadi ya watumishi unaoruhusiwa, ikikubana, tuletee mmoja. Ikishindikana kabisa, tupe kibali cha maandishi tumlipe wa kujitolea kutoka kwenye mauzo ya msimu huu, ili mkuu wa shule asije akaadhibiwa kwa michango. Lakini mwalimu wa Hisabati awe darasani kabla Kidato cha Nne hawajafanya mtihani wa mock.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wazazi na wajumbe wa bodi ya shule,
Uwanda wa Makonde, Mtwara