Kilichompa Ilhan Omar kiti cha 60B si ukabila

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Waafrika Mashariki katika siasa za Marekani niliisoma mara mbili, maana eneobunge mliloliandika ndilo ninaloishi. Ila kuna sentensi moja siwezi kuiacha ipite hivihivi. Mlisema kwamba mwaka 2016 Ilhan Omar aliingia katika Bunge la jimbo la Minnesota kwa sababu Wasomali walimpigia kura Msomali mwenzao. Sisi tuliokuwa hapa tunajua kwamba sivyo ilivyokuwa.

Nianze na ramani. Minnesota ina maseneta 67, na eneo la kila seneta hukatwa vipande viwili, A na B, ndiyo maana wawakilishi wako 134. Kipande chetu kinaitwa 60B. Kabla ya mipaka kuchorwa upya mwaka 2012 kiliitwa 59B. Mwaka 2016 kiliukumbatia mto Mississippi pande zote mbili. Huku kwetu ni Cedar-Riverside, penye maghorofa ya Riverside Plaza yenye vibao vya rangi rangi, na ndani yake utasikia Kisomali, Kioromo, Kiamhari, na Kiswahili pia. Ng'ambo ya mto kuna Dinkytown na Marcy-Holmes, mitaa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na ukielekea mashariki ni Prospect Park, kwenye wazee ambao wameishi nyumba zilezile miaka na miaka. Ukitegemea mtaa mmoja tu kati ya hiyo, hushindi.

Na wageni hawakuanza na sisi. Barabara hii ya Cedar zamani ilikuwa ya Waswidi, Wanorwei na Wadenmark, hata watu wakaibandika jina Snoose Boulevard kwa sababu ya ugoro wao. Wadenmark walijenga ukumbi wao, Dania Hall, mwaka 1886, nao uliteketea kwa moto mwaka 2000.

Mwaka 1973, mwaka uleule Riverside Plaza ilipofunguliwa, Phyllis Kahn aliapishwa kuwa mwakilishi wetu. Alikuwa mwanasayansi wa bayofizikia, mmoja wa wanawake sita waliochaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota kwenye uchaguzi wa 1972. Sheria ya 1975 iliyotenga sehemu za wavutaji sigara katika majengo ya umma, ya kwanza ya aina yake kwa jimbo zima nchini Marekani, ni yeye aliyeipigania barazani. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 44. Makala yenu ilimtaja kwa maneno manne tu, kama vile alikuwa kizuizi cha kuondolewa njiani. Mama yule hakustahili hivyo.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Hapa uchaguzi wa Novemba mara nyingi huwa ni kukamilisha utaratibu tu, kwa kuwa wapiga kura wetu wengi ni wa chama cha DFL, ambacho ndicho Democratic cha Minnesota. Kazi yote iko kwenye kura ya mchujo ya Agosti. Mwaka 2014 Mohamud Noor alijitosa kumkabili Kahn. Mkutano wa chama wa Februari mwaka huo, hapa mtaani kwetu, ulivunjika kwa ngumi, na Ilhan Omar mwenyewe, ambaye wakati huo hata hakuwa mgombea, alipigwa akaumia. Agosti ilipofika Kahn akashinda.

Mwaka 2016 wakawa watatu: Kahn, Noor na Omar. Ebu mhariri piga hesabu nami. Kama watu wangefuata kabila tu, kura za Wasomali zingegawanyika kati ya Noor na Omar, na Kahn angepita katikati yao bila jasho. Tarehe 9 Agosti matokeo yalipotoka, Omar alikuwa na asilimia 41 hivi, na wenzake wawili hawakufika 30, kila mmoja. Hata mgombea wa Republican, Abdimalik Askar, alikuwa Msomali, kabla hajasimamisha kampeni yake. Omar alipata kura Cedar, akapata za wanafunzi, akapata na za majirani weupe ng'ambo ya mto, kwa sababu watu wake waligonga milango kule kote. Kwangu waligonga mara tatu.

Tena ushindi huo ulipatikana kwa kura chache, na ningependa wasomaji wenu walioko huku walishike hili. Waliojitokeza siku ile walikuwa kama elfu sita. Eneobunge moja hapa lina watu zaidi ya elfu arobaini.

Siku hiyo nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kibajuni aliyetoka Kismayu akakaa Mombasa miaka mingi kabla ya kuja huku. Ndiyo kwanza apate uraia, na ndiyo kwanza ahamie jengo letu. Kitambulisho chake kilikuwa bado na anwani ya zamani. Alikuwa ameshakata tamaa, akidhani watamrudisha. Lakini Minnesota unaweza kujiandikisha siku hiyohiyo ya kupiga kura, na mpiga kura wa kituo hichohicho anaruhusiwa kukuapia kwamba unaishi pale. Nikatia sahihi. Akaenda na kalamu yake nyuma ya kile kizuizi cha kadibodi, akakawia, kisha akaisukuma karatasi kwenye mashine. Nambari kwenye kioo ikapanda kwa moja. Akanishika mkono, akauliza: "Ndiyo mimi hiyo, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni wewe.

Mama huyo hakuwahi kuniambia alimchagua nani, na sikumuuliza. Lakini mtu akisema kwamba kura yake ilijipigia yenyewe kwa sababu ya ukoo, namwona yeye amesimama pale na buibui lake, anasoma majina mmoja mmoja.

Omar alipokwenda Kongresi baada ya uchaguzi wa 2018, kiti kilichukuliwa na Mohamud Noor, aliyekuwa ameshindwa mara mbili. Naye hakukirithi, alipita kwenye mchujo mwingine wa Agosti. Na msione kiti kimoja ni kitu kidogo: baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 Baraza la Wawakilishi la Minnesota lilibaki 67 kwa 67, sare tupu.

Kwa hiyo naomba mrekebishe sentensi ile. Na mkipata nafasi, waandikieni ndugu zetu wa Minnesota waliokwisha kuapishwa uraia kwamba mchujo hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila baada ya miaka miwili, na kwamba mtu anaweza kupiga kura mapema, siku 46 kabla. Wengi wetu huamka Novemba, wakati mambo ya hapa yameshaamuliwa.

Msomaji wenu,
Cedar-Riverside, Minneapolis