Malalamiko: mnanikata deni ambalo sio langu, mnijibu kabla ya tarehe 14 Machi

Reading, Uingereza
20 Februari 2025

Kwa mkuu wa kitengo cha malalamiko, kampuni ya umeme,

Nimeshawaandikia kwa Kiingereza mara nne, na mara zote nne mmenirudishia imeili ile ile kwamba mmepokea na mnajali. Safari hii naandika kwa Kiswahili ili niseme yote bila kutafuta maneno, ya Kiingereza kwa ufupi nimeambatanisha nyuma, na hii wataisoma pia Waswahili wenzangu wa hapa maana najua siko peke yangu.

Mimi nimehamia kwenye hii flati tarehe 3 Oktoba. Mita niliyoikuta ni ya ufunguo, unaenda dukani unajaza unakuja unauchomeka, kama luku tu. Nikawa naona hela inaisha haraka nikadhani ndio bei yenu. Mwezi wa kumi na moja nikapata msiba, nikaenda Tanga kumzika mama yangu, nikakaa siku 35. Kabla ya kuondoka nilizima kila kitu, friji nikaliacha wazi limekauka, mita ikiwa kwenye sifuri. Nimerudi na baridi ya Desemba nikapitia dukani nikajaza pauni 60, nikachomeka ufunguo, mita ikaandika pauni 1 na peni 50. Nilijua nimeona vibaya, nikautoa nikaurudisha, ni ile ile. Nimesimama pale kwenye korido na koti langu, begi halijafunguliwa, umeme uliobaki ni wa kuchemshia chai tu, haufiki mbali.

Nikakaa chini na kalamu. Stendingi chaji peni 60 kwa siku mara siku 35 ni pauni 21, hiyo ni hela ya kuwa na waya ukutani tu maana umeme sijatumia hata yuniti moja. Halafu zikabaki 37 na nusu nisizozijua. Ndio nikaanza kubonyeza kile kitufe cha bluu, skrini moja baada ya nyingine, nikakuta imeandikwa deni, pauni 318, linakatwa 7 na nusu kila wiki. Deni la nani? Mimi sijawahi kudaiwa na nyie hata senti. Ni la mpangaji aliyekuwepo kabla yangu!

Sasa ndio danadana ikaanza. Nyie mkasema muulize mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema hayamhusu, ongea na kampuni ya umeme. Nikawarudia, dada mmoja kwenye simu akaniambia mita yenyewe sio yenu ni ya kampuni nyingine, nyie mnauza tu. Nikawapigia wale wenye nguzo na waya, wakasema wao bili hawahusiki kabisa. Nguzo sio zenu, waya sio wenu, mita sio yenu, na umeme mnanunua kwa wazalishaji kama mimi ninavyonunua kwenu. Kwahiyo kazi yenu kubwa hapa ni kutoza na kupokea simu, na hiyo simu nimesubiri dakika 50 nimetoka shifti ya usiku kulea wazee wa watu.

Jirani yangu mzee wa miaka themanini na kitu ananiambia zamani huku kulikuwa na bodi ya umeme ya serikali, ina duka lake mjini kabisa, unaingia na bili yako unaongea na mtu kaunta mnamaliza. Mwaka 1990 serikali ikaziuza zile bodi 12 zote, wananchi wakaahidiwa kampuni zikishindana bei itashuka na huduma itakuwa nzuri. Mimi ushindani nimeuona. Nimeuona 2021 gesi ilipopanda bei, kampuni 28 zikafa ndani ya miezi michache kwa sababu zilikuwa zinauza umeme ambao hazijaununua bado, na moja wapo ilikuwa kampuni yangu ya wakati ule. Hasara ikafika pauni bilioni 2.7 na ikagawanywa kwenye bili zetu, karibu pauni 94 kila nyumba. Wenye kampuni walikula faida wakati wa neema, hasara tukaletewa sisi tunaojaza ufunguo wa pauni tano tano. Hilo linaniuma sana.

Na huyo mpangaji wa kabla yangu, mimi simlaumu. Jirani anasema alikuwa mama mwenye watoto wawili, walikuja watu wa kampuni na fundi wa kufuli wakafungua mlango, wakatoa mita ya bili wakaweka hii ya ufunguo. Kipindi kile mahakama zilikuwa zinatoa vibali vya namna hiyo kwa mafungu mpaka mwezi wa pili 2023, magazeti yalipoandika, ndipo Ofgem, msimamizi wa kampuni za umeme na gesi huku, akaziambia kampuni zisimamishe. Yaani mtu ameshindwa kulipa bili anawekewa mita ambayo ikiisha hela anakaa kwenye giza na baridi, na akihama deni linabaki ukutani linamsubiri maskini mwingine.

Sisemi TANESCO, shirika la umeme la kwetu Tanzania, ni malaika, nimekulia kwenye mgao na kibatari nakijua. Lakini nyumbani ile service charge ya kila mwezi kwa sisi wateja wa kawaida iliondolewa 2016, ukizima taa ukasafiri yuniti zako unazikuta. Na hii ya kulipia kitu kisichotumika sisi tunaijua vizuri, nchi nzima tulilipa capacity charge, yaani hela ya mitambo kuwepo tu, kwa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, hata pale mitambo ilipokuwa haiwashwi, kwa sababu mkataba umesema hivyo. Ndio maana nikiona stendingi chaji inaendelea kunikata wakati mimi niko makaburini, siwezi kukubali mniambie ni utaratibu.

Ninachotaka. Kwanza deni lote litoke kwenye mita yangu, mkataba wangu wa nyumba unaoonyesha tarehe 3 Oktoba mnao, picha ya mita mnayo. Pili mnirudishie pauni 150 mlizokata mpaka leo, wiki 20 mara 7 na nusu, mziweke kwenye akaunti yangu ya benki na sio kwenye ufunguo. Tatu mnibadilishie hii mita niwe nalipa bili mwisho wa mwezi kama watu wengine. Na muandike kwa barua kwamba mimi sina deni, msije mkaniharibia jina.

Lalamiko hili nilifungua tarehe 17 Januari, wiki nane mlizonazo za kulimaliza zinaisha tarehe 14 Machi, na siku hiyo hiyo nalipeleka kwa Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya wateja wa umeme na gesi, faili nimeshaliandaa. Mkitaka kunipigia pigeni baada ya saa nane mchana, asubuhi nakuwa nimelala natoka kazini.

Mteja wenu, mita ya ghorofa ya pili