Risala ya vijana wa skuli na madrasa kwa Mgeni Rasmi, siku ya swala ya kuomba mvua, Micheweni Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, masheikh, walimu na wazee wetu, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karibu kwetu maweni, kwenye ardhi ya jiwe la matumbawe. Maji tuliyokupokea nayo yana chumvi, utuwie radhi. Vuli imepita bila ya mvua ya maana, na kisima cha pwani kikipungua maji matamu, bahari huingia.

Mheshimiwa, ukame umetukuta na moto juu yake. Siku tatu tuliupiga kwa matawi mabichi na ndoo za mchanga, upepo wa kaskazi ukiuchukua mbele yetu. Huku kwetu udongo umejificha kwenye vishimo vya jiwe, kiganja hapa, kiganja pale, na mwingi wake ni majani yaliyooza kwa miaka. Moto ukipita unaunguza udongo wenyewe. Hata mvua ikija, maji hupenya jiweni yakaenda zake, na muhogo hauna pa kushika.

Asubuhi hii tumetoka uwanjani kwa swala ya istisqaa, rakaa mbili, watoto na vikongwe pamoja nasi, kwa nguo za kawaida za unyenyekevu. Imamu akageuza joho lake kama alivyofanya Mtume (S.A.W.), tukitaraji Mola atugeuzie hali. Katika khutba akatusomea Sura ya Nuh, aya ya 10 mpaka 12. Nabii Nuh anawaambia watu wake waombe msamaha, ndipo mbingu ziwaletee mvua tele. Msamaha umetangulia mvua.

Hapo mzee mmoja akasimama, akasema mbele ya watu wote kuwa moto ule ulitoka kwenye mwenge wake wa makuti, alipokwenda kurina asali. Akalia. Tukalia naye, maana nani kati yetu hajawahi kutia moto konde lake akaliacha linawaka, akaenda kula?

Toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, na palipo na haki ya mtu, kuirudisha. Tumekubaliana kuwa anayesafisha konde alime kwanza ukanda wa kuzuia moto, amwarifu Sheha, na asichome siku za upepo. Waliounguliwa mihogo, sisi vijana tutawalimia.

Nasi tuna maombi kwako. Warina asali wapatiwe mabomba ya moshi na mizinga, waache mienge. Tupate miche ya mikwaju na mivinje ya kupanda palipoungua.

La mwisho ni tangi la kuvunia maji kwenye paa la skuli. Tunaliomba leo, mbingu zikiwa kavu, kwa sababu mvua yenyewe tumeshaiomba asubuhi.

Tunaomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.