Mutua amegawa vifaa vyake

Nairobi, Jumatano usiku

Ndugu yangu Baraka,

Salamu sana. Nimekupigia hupatikani, nadhani umelala. Huku tu wazima, Mama Neema anakusalimu. Nakuandikia juu ya fundi mwenzetu Mutua.

Amegawa vifaa vyake. Mwiko, timazi, hata ile pimamaji aliyokuwa akimnyima kakake, vyote kampa yule kijana saidia fundi. Akamwambia, "Mimi sivihitaji tena." Wenzetu wakadhani anarudi Makueni kulima. Mimi moyo ulinipasuka, nikahofia anataka kujiua. Tangu kontrakta apotee na malipo yetu, Mutua hali nasi mchana, jioni anaondoka bila kuaga. Mutua huyu aliyekuwa akiimba kuanzia msingi mpaka slabu!

Fomeni anasema mwanamume wa mjengo huvumilia. Avumilie mpaka lini? Mvua ikinyesha hakuna kibarua, ukianguka skafoldi mshahara unakatika siku hiyohiyo, na nyumbani wanasubiri M-Pesa. Halafu watu wanaogopa kutaja kujiua kwa ajili ya polisi. Nimewaeleza kwamba Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu Januari 2025, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Hawaniamini.

Ndipo nikakumbuka stika ya MATES kwenye kofia yako, lile shirika la kuzuia kujiua kwa mafundi wa ujenzi. Ulisema huko kwenu Queensland, Australia, tangu 2008, wanawafundisha mafundi wenyewe kumtambua mwenzao aliyelemewa na kumuuliza waziwazi, maana swali halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Basi jana nilimuuliza Mutua, kwa neno lenyewe. Alinyamaza, akainama, akasema, "Nimechoka, ndugu." Hakukana. Nililala kwake, na leo pia niko hapa, amesinzia. Kesho tunakwenda hospitali ya afya ya akili ya Mathari, amekubali.

Ile pimamaji kijana amenirudishia, nimeiweka kwangu. Sijui kama nimwambie.

Wewe ndiye uliyemfundisha kupanga tofali, atakusikiliza. Utampigia kesho? Saa moja asubuhi hapa ni saa nane mchana kwenu, kabla hatujatoka. Na nyinyi, mtu akishakubali kwamba amelemewa, nani anabaki naye akirudi saiti? Msimamizi anaambiwa, au ni siri yenu? Mafunzo hayo huchukua muda gani, na unaweza kunieleza hatua kwa hatua ili nianze na mafundi wa hapa? Dadako bado ni nesi Machakos? Naweza kumpa Mutua namba yake?

Nduguyo,
Kioko