Shule zikifungwa, damu inaisha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu mdogo wetu, kitinda mimba wa mama, aliyetutoka Januari mwaka huu hapa Busia upande wa Uganda akiwa na miaka 15. Alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Pale matangani watu walituambia tushukuru amepumzika, eti watoto wa sikoseli huwa hawakui, na hilo neno linaniuma mpaka leo kwa sababu huyu mtoto alikuwa anakua vizuri tu, dawa anameza, maji anakunywa, sweta havui hata jua liwake vipi, na yeye ndiye alikuwa anashika daftari la madeni dukani kwa mama. Anaandika kwa biki ya kijani, sukari nusu kilo, sabuni nusu mche, na siku uliyoahidi kulipa, alafu siku ikifika anakufuata mpaka stendi ya boda anakusomea deni lako kwa upole, na watu walikuwa wanalipa!

Malaria ilimkuta likizoni. Chembe za damu za mtu wa sikoseli hazidumu sana mwilini, na malaria ikija juu yake, damu inashuka vibaya. Hospitali wakasema aongezwe damu lakini ya kundi lake haikuwepo. Nikapandisha mkono wa shati nikamwambia nesi nitoeni mimi, akanieleza haiwezi kutoka kwangu ikaingia kwake palepale, lazima iende benki ya damu ipimwe kwanza ukimwi, homa ya ini na kaswende. Yule nesi sina neno naye kabisa, alikesha na sisi. Damu ilifika kesho yake, tumeshachelewa.

Sasa watu wajue, hapa Uganda damu nyingi inatolewa na wanafunzi wa sekondari. Yani watoto ndio wanatubeba! Shule zikifungwa Desemba mpaka kuelekea Februari inapungua, na huwezi kusema iwekwe akiba ya mwaka maana kwenye friji inakaa wiki tano hivi, na ndio msimu watu wanasafiri na ajali zinaongezeka na kina mama wanajifungua kama kawaida. Sisi watu wazima tuko wapi? Ukiwa na afya nzuri na umeshafika miaka 17 unaweza kutoa. Wengine wanasema hawatoi kwa sababu damu inauzwa, lakini ya benki ya damu ni ya bure kwa mgonjwa, kama kuna mtu kakuuzia kamripoti, usimnyime mtoto wa mwenzako kwa ajili ya huyo mwizi.

Ombi langu kwako mhariri, kuanzia Novemba mtuwekee gazetini siku na mahali timu ya damu itakapokuwa, sokoni, misikitini, makanisani, kwenye stendi. Sisi wa sokoni tumeshaongea na mwenyekiti wetu, kivuli kipo na viti vipo, waje tu.

Kaka yake,
Busia