Kutoka KIA Hadi Mlangoni Kwako: Nauli Inahesabiwa Wapi?

Sisi ni watu wa magari ya kukodi, tunachukua abiria KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Simu tunayopigiwa kuliko zote inaanza hivi: "Kaka, nikishuka KIA mpaka Arusha mjini ni shilingi ngapi?" Tukijibu elfu tisini, kunakuwa kimya kidogo, kisha: "Mbona daladala ni elfu chache tu?" Ni swali la haki kabisa, na tumeona tulijibu hapa kwa kirefu, hata kama mwisho wake wengine mtaamua kupanda daladala.

KIA haiko Arusha wala haiko Moshi. Ilijengwa katikati, ikafunguliwa mwaka 1971, na iko wilaya ya Hai. Kutoka uwanjani hadi Arusha mjini ni kama kilomita 50, na Moshi ni kama 40. Kinachowaponza wengi si kilomita hizo, ni zile sita za mwanzo. Daladala za Arusha na Moshi hupita barabara kuu, haziingii uwanjani. Ukitoka mlango wa abiria, una kilomita kama sita za kufika njia panda ya KIA, na hapo ni bodaboda au gari la kukodi. Kwa miguu na begi, jua la Hai likiwa utosini, simshauri mtu.

Kwa kijana mmoja mwenye begi la mgongoni, anayeshuka saa nne asubuhi, hesabu ni nyepesi. Achukue boda hadi njia panda, asimamishe Coaster, ashukie stendi, amalizie na bajaji. Yote kwa pamoja haifiki robo ya bei yetu. Akipiga simu kwetu tunamwambia hivyohivyo.

Sasa nisimulie ya mama mmoja aliyetupigia akiwa bado Dar. Alisikia bei akaona ni kubwa, na sikumlaumu. Akatua KIA saa kumi na moja jioni akiwa na watoto wawili, begi kubwa na boksi la samaki wa Feri lenye barafu. Ikabidi achukue boda mbili, moja ya kumbeba yeye na mtoto mdogo, nyingine mkubwa na mizigo. Njia panda Coaster zinapita zimejaa hadi mlangoni. Alipopata moja, alilipia siti tatu na konda akadai pesa ya boksi. Saa mbili usiku akatupigia kutoka stendi: "Naomba mnifuate, nakwenda Moshono." Tulimkuta amesimama chini ya taa ya duka, boksi limelowa, kona moja imeachia, na binti mdogo amelala juu ya begi. Njiani alijumlisha mwenyewe kwa sauti alichokwisha kulipa. Pamoja na gari letu la mwisho, ilikaribia nusu ya ile elfu tisini, na saa tatu za safari juu yake.

Ndiyo maana tunasema uhesabu kutoka mlango wa uwanja hadi geti la nyumbani kwako. Bei ya gari la kukodi ni ya gari, si ya kichwa. Mkiwa wanne, elfu tisini inakuwa 22,500 kwa kila mtu, na mnashukia mlangoni. Mkiwa watu sita kwenye Noah ni 15,000. Tumeshaona watu wa ndege moja, wasiojuana, wakipatana pale nje na kuchanga. Sisi hatuna neno, mradi mwelewane nani anashuka wa kwanza.

Na ile elfu tisini inakwenda wapi? Gari linatoka Arusha tupu au linarudi tupu, hivyo safari yako moja kwetu ni kilomita 100. Noah yetu inakula lita kama kumi. Petroli ikicheza kwenye elfu tatu kwa lita, elfu thelathini imeshaondoka kabla ya dereva, maegesho ya uwanjani, matairi, bima na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ikitangaza bei za mafuta, tunakaa na kalamu. Ukipata mtu anakubebea kwa elfu arobaini, muulize mapema kama ni kwa gari zima au kwa siti. Mara nyingi ni kwa siti, na utamsubiri ajaze.

Programu za simu za kuita teksi zinasaidia ukiwa mjini. Kutoka KIA, bei unayoiona kwenye kioo huenda haina maegesho wala kurudi tupu kwa dereva, na hapo ndipo majadiliano huanza upya ukiwa umeshapakia. Patana kabla ya kufungua buti. Pia baadhi ya mashirika ya ndege za ndani huwa na basi dogo linalosubiri ndege yao. Uliza siku unayokata tiketi. Ni nafuu kweli, ila litakuacha mjini, si nyumbani kwako Njiro.

Wageni wamezoea kutajiwa dola 50. Tangu Machi 2025, kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa nchini. Ukitajiwa dola, omba bei ya shilingi, na dereva muungwana hatanuna.

Ndege za usiku ni habari nyingine. Zinatua wakati njia panda hakuna Coaster, na hapo hatushauri mtu ajaribu bahati yake, hasa akiwa na watoto. Panga na ndugu au panga na sisi, lakini panga kabla hujapaa. Jioni nayo ongeza muda: malori hujazana hadi Usa River, na barabara haitanuki mpaka Tengeru, inapoanza ile ya njia nne kwenda Sakina. Anayeishi Usa River asikubali kulipa bei ya Arusha mjini, maana anashuka karibu nusu ya njia. Wa Boma Ng'ombe vilevile, huko ni pua na mdomo.

Kabla hujatupigia, angalia tiketi. Ikiandikwa JRO ni KIA. Ikiandikwa ARK ni uwanja wa Arusha, ule wa Kisongo, hauzidi kilomita kumi kutoka mjini na daladala zinapita barabarani hapohapo. Kama ni ARK na huna mizigo mingi, hutuhitaji.