Dean hajamzidi Sammy, nisikilize kaka

Mambo kaka,

Ile voisi yako nimeisikiliza yote, eti kwa wale waimbaji wachekeshaji wa zamani wa Marekani, Dean Martin ndo baba lao na Sammy Davis Jr., yule mweusi, ni mbwembwe tu. Nimecheka halafu nikakasirika kidogo, sasa tulia nikujibu.

Kwenye haiba sibishi. Dean alikuwa nayo mpaka inakera, jamaa anaingia stejini na glasi mkononi, anaanza wimbo, anaukatisha katikati atupie utani, akijisikia anaumalizia, na watu waliotoa hela zao bado wanampenda. Ile glasi wanasema mara nyingi ilikuwa juisi ya tofaa, ulevi wote maigizo. Na katoka mbali, Steubenville kule Ohio, kapigana ngumi, kagawa karata kwenye kamari za kificho kabla hajawa mtu, kwa hiyo kusoma sura za watu mezani alishajifunzia huko. Halafu 1946 mpaka 1956 yuko na mchekeshaji Jerry Lewis, kazi yake kubaki ametulia wakati mwenzake anapiga makelele. Ule utulivu ni ufundi, nakupa hiyo.

Lakini Sammy kaka! Kaanza stejini ana miaka mitatu hivi, na baba yake na Will Mastin, mkuu wa kundi lao, anaimba, anacheza ile ya kugonga viatu, drams anapiga, tarumbeta anapuliza, na anaiga sauti za mastaa wa sinema wazungu mpaka ukifumba macho unadanganyika. 1951 pale Ciro's, klabu ya usiku ya Hollywood, wao watatu walikuwa wa kufungua shoo tu, watu wakagoma kuwaachia washuke. Novemba 1954 akapata ajali ya gari akitoka Las Vegas, jicho la kushoto likaenda, na mapema 1955 huyo karudi palepale Ciro's kajifunika jicho anacheza. Hebu funga jicho moja usimame kwa mguu mmoja uone mwili unavyoyumba, sasa mwenzio anazunguka kwa spidi ile.

Wewe unasema anajitahidi mno, jasho jingi. Sawa, ila angejiachia vipi? Miaka ile Vegas alikuwa anajaza ukumbi wa hoteli halafu haruhusiwi kulala mle, shoo ikiisha anaenda kupanga upande wa magharibi wa mji walikokaa weusi. Mtu wa hivyo aje na glasi aboronge wimbo makusudi, nani angecheka? Wangesema si tulijua. Uzembe wa Dean ulikuwa na ruhusa, wa Sammy haukuwa nayo.

Najua utanitajia Nat King Cole, mwimbaji mweusi mwenzake, kwamba mbona yeye alitulia. Alitulia kweli, na Aprili 1956 wazungu wakapanda stejini Birmingham, Alabama, wakamvamia anaimba.

Frank Sinatra, rafiki yao, sitaki kumgusa sana maana kwenye kuimba anawafunika wote wawili, ile pumzi aliisomea kwa kiongozi wa bendi Tommy Dorsey akimwangalia anavyopuliza trombone, sentensi ndefu haikatiki. Ila akianza kuchekesha natamani arudi kuimba tu. Na ubinadamu wake tuseme, baada ya ajali Sammy alipumzikia nyumbani kwake Palm Springs.

Sasa zile shoo zao za pamoja kwenye hoteli ya Sands, Las Vegas, ukumbi wa Copa Room, mwanzoni mwa 1960, mchana wanashuti filamu usiku wako stejini. Kuna utani wao maarufu, Dean anambeba Sammy mikononi anawashukuru NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kwa kumpa tuzo, yaani tuzo ndo Sammy mwenyewe. Ukumbi unakufa kwa kicheko na Sammy ndo anacheka kuliko wote, anajikunja kabisa. Mimi pale huwa nacheka nusu, maana naona hata kile kicheko chake kilikuwa kazi, tena labda ngumu kuliko ile ya viatu. Dean hakuwahi kudaiwa kucheka hivyo.

Kwa hiyo ukinipa nafasi ya kukaa meza moja na mmoja wao tupige stori mpaka alfajiri nachagua Dean, hata sifikirii. Tiketi moja ya shoo lakini, nampa Sammy, na wewe ungekuwa ukumbini siku ile ya Ciro's ungekuwa wa kwanza kusimama juu ya kiti, nakujua.

Waimbaji wa kike Lena Horne na Eartha Kitt tumewaweka kiporo, hao wanataka barua yao. Jibu kwa maandishi kaka, voisi ya dakika kumi tena hapana, bando lenyewe unalijua.

Wako yuleyule mbishi